Wapiganaji Wahamao na Dola Zenye Bunduki

1. Watu wa Farasi

Katika bara la Asia, kaskazini ya nchi ya China, iko nyika kubwa sana isiyo na miti mingi. Mvua zake ni chache na kilimo ni cha shida, lakini majani ni tele. Kwa hiyo wenyeji wake tangu kale walitegemea mifugo kuliko mashamba. Walifuga kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia na farasi, wakahama pamoja nao kutafuta malisho. Watu wa namna hii huitwa wahamaji.

Mtoto wa mhamaji alifundishwa kupanda farasi tangu utoto wake. Alipokua alipewa upinde mfupi uliotengenezwa kwa mti, pembe na mishipa ya mnyama, akajifunza kupiga mshale huku farasi akienda mbio. Basi kila mchungaji alikuwa askari, na kila kundi la wachungaji lilikuwa jeshi.

Mwaka 1206 makabila ya Wamongolia yaliungana chini ya mkuu mmoja, Genghis Khan. Jeshi lake lilikwenda upesi kuliko jeshi lolote la zamani zile, maana kila mpiganaji alichukua farasi kadhaa. Mmoja akichoka, alimpanda mwingine. Nchi walizozishambulia zilikuwa na miji mikubwa, kuta za mawe, vitabu vingi na mafundi hodari. Hata hivyo zilianguka. Na Wamongolia walipoona kwamba mshale hauwezi kubomoa ukuta, waliwachukua mafundi wa Kichina na wa Kiajemi wawatengenezee mitambo ya kurusha mawe. Mwaka 1258 Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, aliuteka Baghdad, mji wa khalifa.

Je, wachungaji waliwezaje kuwashinda watu wenye miji? Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza, walikwenda upesi. Ya pili, hawakuwa na shamba wala ghala ambalo adui angeweza kulichoma. Ya tatu, watu wao wote walizoea vita. Shikeni vema sababu hizi tatu, kwa kuwa tutaziona tena, si huko Asia, bali hapa hapa Masasi na Newala.

2. Kwa Nini Farasi Hawakuenea Kwetu

Pengine mwanafunzi atauliza, "Mbona hatusikii habari za wapanda farasi katika nchi yetu ya kusini?" Jibu lake ni mdudu mdogo: mbung'o. Mbung'o huchukua vijidudu vya ugonjwa uitwao nagana. Anapomwuma farasi, mnyama huyo hukonda, macho yake hutoa machozi, nguvu zake huisha, hata hufa. Ng'ombe na punda nao huugua. Tena kuna maradhi mengine ya farasi, yanayoletwa na wadudu warukao usiku wakati wa mvua.

Wareno waliyajua hayo kwa msiba. Mwaka 1571 mfalme wao alikuwa amemtuma Francisco Barreto kwenda kuziteka nchi za dhahabu kusini ya mto Zambezi. Jeshi lake lilikuwa na bunduki na farasi. Walipofika Sena, kando ya mto, farasi na watu wakaanza kufa. Wareno hawakujua habari za wadudu, wakadhani Waislamu wafanyao biashara huko wamewatilia sumu, wakawaua wengi bila hatia. Barreto mwenyewe alikufa mwaka 1573, wala hakuzifikia nchi za dhahabu.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1866, David Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani akiwa na ngamia, nyati waliofugwa, nyumbu na punda. Alitaka kujaribu kama wanyama hao wataweza kustahimili mbung'o. Alifuata bonde la Ruvuma kwenda bara. Mbung'o waliwauma, na wachungaji wao waliwatesa kwa mizigo na mapigo. Wengi wakafa njiani. Ndiyo maana kwa miaka mingi mizigo yote ya nchi hii ilichukuliwa kichwani na begani mwa wapagazi. Ndiyo maana pia wapiganaji wahamao waliofika kwetu walikuja kwa miguu.

3. Wangoni

Asili ya Wangoni ni kusini ya Afrika. Yapata mwaka 1819 Shaka, mfalme wa Wazulu, aliwashinda Wandwandwe, na watu wengi wakakimbia kwenda kaskazini. Kundi moja liliongozwa na Zwangendaba. Walitembea miaka zaidi ya ishirini, wanaume kwa wanawake na watoto, wakiswaga ng'ombe wao mbele. Mwezi wa Novemba 1835 walivuka mto Zambezi, nao walikumbuka kwamba wakati wa kuvuka jua lilipatwa. Wakaendelea hata Ufipa, na huko Zwangendaba akafa katika miaka ya 1840. Baada ya kufa kwake watu wake waligawanyika, na baadhi yao wakaelekea mashariki, hata nchi inayoitwa Songea leo. Huko walikuta Wangoni wengine waliotangulia, yaani watu wa Maseko, wakapigana nao na kuwafukuza. Kisha zikatokea milki mbili, Njelu na Mshope.

Wangoni hawakuwa na farasi, lakini walikuwa na utaratibu. Vijana wa rika moja waliwekwa katika kikosi kimoja. Silaha zao zilikuwa ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchoma, si wa kurusha. Mwenye mkuki wa kurusha akiisha kuutupa, hana silaha tena. Mwenye mkuki mfupi hana budi kumkaribia adui wake. Katika vita kikosi cha katikati kilisonga mbele, na vikosi viwili vya pembeni vilizunguka kama pembe za ng'ombe, hata adui akajikuta ndani.

Jambo la ajabu zaidi ni habari ya mateka. Makabila mengine yalipoteka watu yaliwauza pwani. Wangoni waliuza baadhi yao, lakini vijana wengi waliwafanya kuwa watu wao. Waliwafundisha kutumia mkuki na ngao na kuwaingiza vikosini. Hivyo mateka wa mwaka huu alikuwa askari wa mwaka kesho. Jeshi liliongezeka kila lilipopigana, hata mwisho wale waliotoka kusini walikuwa wachache, na waliotekwa njiani na watoto wao walikuwa wengi.

4. Masasi Mwaka 1882

Katika nchi za Ruvuma Wangoni walijulikana kwa majina mengine: Wamazitu, Wamaviti na Magwangwara. Livingstone, alipopita katika bonde la Ruvuma mwaka 1866, alikuta njaa katika sehemu walizopita. Walikuwa wameondoka, lakini chakula kilikuwa kimekwisha.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, kwa nia ya kuwarudisha karibu na nchi zao za bara. Walipofika Masasi waliona milima ya mawe, maji na udongo mzuri, wakajenga kijiji. Wakalima, wakajenga nyumba, wakaweka akiba ya nafaka. Lakini sifa ya kijiji chenye chakula na watu haifichiki.

Septemba 1882 Magwangwara walifika. Nyumba zilichomwa, mali zikachukuliwa, watu wengine wakauawa na wengine wakatekwa. Fikirini huzuni ya mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja, akakombolewa, akajenga nyumba yake, na sasa anafungwa tena na kuongozwa kwenda bara! Padre W. C. Porter alifuata njia ya wavamizi mpaka Ungoni, akajaribu kuwakomboa waliotekwa.

Angalieni sasa zile sababu tatu. Magwangwara walikwenda upesi, hata habari zao zilifika karibu pamoja na wao wenyewe. Mashamba yao yalikuwa mbali sana, hapana mtu wa Masasi aliyeweza kwenda kuyachoma. Na wote walikuwa askari, lakini watu wa Masasi walikuwa wakulima. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini mara nyingine tembo ni mmoja tu, na nyasi huumia vile vile.

5. Ngome ya Vichaka

Baada ya uvamizi huo kazi ya misheni ilihamishiwa Newala kwa muda, katika nchi ya Matola, mfalme wa Kiyao. Kwa nini Newala? Atakayepanda kutoka bonde la Ruvuma kwenda Newala atajua jibu kwa magoti yake. Uwanda wa Makonde umeinuka kama meza, na kingo zake ni za mteremko mkali. Zamani juu yake kulikuwa na vichaka vizito ajabu, vilivyosokotana hata mtu hakuweza kuona mbele hatua chache. Njia zilikuwa nyembamba, na mwenyeji peke yake ndiye aliyezijua. Jeshi lenye kuzoea kujipanga kama pembe za ng'ombe halina nafasi ya kuzieneza pembe zake katika vichaka.

Lakini usalama huo ulikuwa na bei yake, nayo ni maji. Udongo wa uwandani ni wa mchanga, mvua huzama chini mara moja, na chemchemi ziko mabondeni. Basi wanawake walishuka mteremko na kupanda tena na mitungi kichwani, siku zote za maisha yao. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi ya Wamakonde wenyewe kwamba wazazi wao wa kwanza walikaa karibu na mto, na watoto wao wakafa. Walipopanda juu uwandani, mtoto wao akaishi. Hekima ya masimulizi hayo ni wazi. Bondeni kuna maji, lakini ndiko kwenye homa na ndiko wapitako maadui. Juu kuna kiu, lakini kuna uzima.

Vichaka hivyo viliwahi kuisumbua hata dola yenye bunduki. Machemba, mkuu wa Kiyao aliyekaa Luagala juu ya uwanda huo, alikataa kuwatii Wajerumani. Mwaka 1890 alimpelekea Hermann von Wissmann barua ya Kiswahili, akikataa kwenda kwake pwani kama mtu aliyeshindwa. Majeshi yalitumwa, nayo yakapata taabu katika vichaka. Lakini hata ngome ya vichaka ilikuwa na mwisho wake. Mwaka 1899, baada ya ugomvi wa kodi, Wajerumani walikuja kwa nguvu, na Machemba akavuka Ruvuma na kukimbilia Msumbiji.

6. Mikuki na Bombomu

Dola ya Wajerumani ilikuwa adui wa namna nyingine. Bunduki zao zilipiga mbali na kujazwa upesi. Tena walikuwa na bombomu, yaani bunduki ya rasharasha, ambayo watu wachache wakiishika waliweza kuwazuia maelfu. Zaidi ya hayo walikuwa na meli za kuleta risasi na askari kutoka mbali. Na askari wenyewe karibu wote walikuwa Waafrika. Katika jeshi la kwanza la Wissmann, mwaka 1889, walikuwamo Wasudani, na pia Washangaani wa Msumbiji, ambao kwa asili ni ndugu za Wangoni.

Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi, kwa ajili ya kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na viboko. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji, akisema kwamba risasi hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga mapema, tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuenea. Vituo vya misheni vya Lukuledi, Nyangao na Masasi vilichomwa. Hivyo Masasi ilichomwa mara ya pili katika muda wa miaka 23.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge. Walikwenda mbele kwa ushujaa mkubwa, na bombomu ikawaangusha kama majani. Wangoni nao waliingia vitani mwezi wa Septemba. Watu waliokuwa wakiwavamia wengine sasa walikuwa upande mmoja na wale waliovamiwa. Lakini tarehe 21 Oktoba Kapteni Nigmann aliishambulia kambi yao ghafula, nao wakatawanyika. Siku ile wengi waliitupa dawa, wakajua kwamba maji hayakuzuia risasi.

7. Njaa Ilikuwa Silaha Kuu

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Wengi hudhani kwamba bunduki peke yake ndiyo iliyowashinda Wangoni. Sivyo. Baada ya kutawanyika, Wangoni waliacha kupigana uwanjani, wakaingia misituni, wakashambulia na kukimbia kama wahamaji wa kale. Bombomu haimpigi mtu asiyeonekana. Maofisa wa Kijerumani waliliona jambo hilo, na mmoja wao aliandika waziwazi kwamba silaha tu hazitatosha, bali njaa ndiyo itakayowatiisha watu.

Kwa hiyo walichoma vijiji, wakachukua nafaka na mifugo, wakazuia watu wasilime. Zamani za Zwangendaba hila hiyo isingefaa kitu, maana watu wake walikuwa wakihama. Wangekwenda mbele na kula chakula cha watu wengine. Lakini mwaka 1905 Wangoni walikuwa wamekaa Songea zaidi ya miaka arobaini. Walikuwa na mashamba, maghala na makaburi ya wazee. Sasa na wao walikuwa na kitu kinachoweza kuchomwa. Yaliyowapata Masasi mwaka 1882 yakawapata wao.

Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, naye Mputa Gama wa Njelu akiwa miongoni mwao. Songea Mbano, jemadari ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa baada ya siku chache. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji, akauawa huko. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15, na askari na wasaidizi Waafrika karibu 400. Wenyeji waliokufa kwa vita na njaa, kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, walikuwa 75,000. Wataalamu wa baadaye wanafikiri walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Katika sehemu nyingi mashamba yaligeuka pori, na tembo na nguruwe wakatembea mahali palipokuwa na vijiji.

Wala si kwetu tu. Katika nyika za Marekani Walakota na Wacheyenne walikuwa wapanda farasi hodari. Juni 1876, mwaka ule ule Masasi ilipojengwa, waliwashinda askari wa serikali kando ya mto Little Bighorn, wakaua zaidi ya 250. Lakini chakula chao, nguo zao na mahema yao vyote vilitoka kwa nyati wa nyikani, na wawindaji wenye bunduki waliwaua nyati hao kwa mamilioni. Nyati walipokwisha, wapanda farasi hawakuwa na budi kukaa mahali walipoamriwa. Ushujaa wao haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni chakula.

8. Mafundisho ya Habari Hii

Tumeona kwamba nguvu ya mhamaji ni kutokuwa na kitu cha kulinda, na nguvu ya dola ni kuwa na akiba: akiba ya risasi, ya chakula na ya watu. Mhamaji aweza kushinda siku moja, au hata miaka mia. Lakini dola ikivumilia na kuishika njia ya chakula chake, mwisho humshinda.

Tumeona tena kwamba aliye katikati, yaani mkulima, hutozwa na pande zote mbili. Magwangwara walichukua nafaka yake, na Wajerumani wakaichoma. Mkulima wa Makonde aliyechagua kiu juu ya uwanda hakuandikwa sana katika vitabu vya vita, lakini alichagua kwa akili, na ukoo wake ukaishi.

La mwisho ni hili. Mateka wa Kimakua, wa Kiyao na wa makabila mengine waliingia katika vikosi vya Wangoni, wakaoa, wakazaa. Katika mji wa Songea iko Makumbusho ya Vita vya Maji Maji, na kila mwaka, tarehe 27 Februari, mashujaa hukumbukwa hapo. Mwanafunzi wa Masasi atakayesimama mbele ya majina yao asiseme kwa haraka, "Hawa walikuwa adui zetu." Huenda mmoja wa hao alikuwa mtoto wa mateka aliyechukuliwa katika kijiji chake mwenyewe.

Maswali

1. Taja sababu tatu zilizowasaidia wahamaji kuwashinda watu wenye miji.
2. Mbung'o alibadilije historia ya nchi yetu?
3. Kwa nini jeshi la Wangoni liliongezeka kila lilipopigana?
4. Uwanda wa Makonde uliwapa watu faida gani, na uliwatoza bei gani?
5. Eleza kwa maneno yako kwa nini njaa iliweza kuwashinda Wangoni mwaka 1906, lakini isingewashinda mwaka 1835.
6. Waulize wazee wa kijiji chenu: Watu wa ukoo wetu walijificha wapi wakati wa Magwangwara na wakati wa Maji Maji? Andika majibu yao.